Masomo ya bure ya walimu: Mfangano na sisi wa pwani

Kitu cha bure kisipokuwa na mwangalizi hufa. Ndivyo yalivyo masomo ya walimu yaliyomo kwenye intaneti. Nachukua mfano wa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika kaunti ya Homa Bay, kwa sababu mwalimu wa huko na mwalimu wa Faza au Wasini wana shida moja: kwenda mafunzoni ni kupanda chombo kwanza. Masomo yakimfuata alipo, nauli na siku za kazi zinaokoka.

Masomo haya huitwa rasilimali huria za elimu, jina lililotolewa katika mkutano wa UNESCO jijini Paris mwaka 2002. Huria ni zaidi ya bure. Maana yake una ruhusa ya kunakili, kurekebisha, kutafsiri na kugawa bila kumwandikia mtu barua.

Mfano ulio karibu nasi ni TESSA, mradi ulioanza mwaka 2005 ukiongozwa na Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Egerton hapa Kenya na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Masomo yake ni ya walimu wa shule za msingi: kusoma na kuandika, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii na sanaa, na stadi za maisha. Yapo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Leseni yake ina masharti mawili makubwa: utaje yalikotoka, na ukiyabadilisha uyatoe kwa ruhusa ile ile uliyopewa wewe. Miradi mingine hukataza biashara, kwa hiyo soma leseni ya kila somo.

Sasa kazi ya kuyatunza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona shule, au shule kadhaa jirani, zinahitaji mambo manne.

Kwanza, nakala. Kurasa huhamishwa na viungo hukatika. Pakua somo zima, uliweke kwenye kompyuta ya shule na kwenye flashi mbili zinazokaa mahali tofauti. Programu ya bure ya Kolibri huwezesha darasa kutumia masomo bila intaneti.

Pili, daftari. Andika jina la somo, lilikotoka, leseni yake, tarehe ya kupakuliwa na aliyelirekebisha.

Tatu, mapitio kila muhula. Mtaala wetu umebadilika: mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na mfumo wa umilisi umechukua nafasi ya 8-4-4. Somo lililoandikwa zamani bado lina faida, lakini lazima mwalimu aonyeshe linaingia gredi gani.

Nne, mtu. Ateuliwe mwalimu mmoja na msaidizi wake, ili mmoja akihamishwa kazi isife.

Mfangano kuna jambo jingine zito. Wenyeji wa asili ni Waabasuba, na lugha yao ya Kibantu imemezwa sana na Kijaluo. Leseni huria inamruhusu mwalimu kulitafsiri somo la kusoma na kuandika kwa Kisuba na kuwatolea wenzake. Kisiwani humo kituo cha Ekialo Kiona, jina la Kisuba lenye maana ya dunia nzima, kiliwahi kuweka kompyuta na redio ya jamii. Mahali kama hapo ndipo pa kuweka nakala ya pamoja.

Na sisi wa pwani tuna deni. Kiswahili cha masomo haya ni lugha yetu ya nyumbani, na mwalimu wa Mfangano hukifundisha watoto wasiokisikia majumbani mwao. Walimu wetu wakikuta sentensi mbovu, wairekebishe, waandike mifano ya kwetu, kisha warudishe walipoitoa. Somo lililosahihishwa likabaki ndani ya simu ya mtu mmoja halijamfaa mtu Mfangano, wala Faza.