Abdilatif Abdalla
Abdilatif Abdalla (alizaliwa 1946, Mombasa) ni mshairi wa Kenya, mwandishi wa diwani ya Sauti ya Dhiki. Alikuwa kijana wa chama cha upinzani cha Kenya People's Union (KPU) alipoandika, mwaka 1968, waraka wa Kenya: Twendapi? ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Alifungwa miaka 3, hadi 1972, muda mwingi akiwa peke yake selini. Karatasi hana, mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni, zikatolewa nje kwa siri. Yalichapishwa 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo yenye jina la rais yule yule! Kinaya hicho hata mtunzi wa filamu angeona haya kukibuni.  Mfungwa huyu wa Mombasa alijisimulia mwenyewe, kwa Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, na diwani yake yafaa kusomwa kama tawasifu. Baadaye alifanya kazi Dar es Salaam na BBC London, kisha akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, hadi 2011.