Kilomita 312,000: Pijo ya Wazee Ilivyonisaidia Kuamua

Gari yangu imefika kilomita 312,000. Ni Toyota Corolla ya kawaida tu, na mwezi uliopita gia ilianza kuteleza kila nikipanda mlima. Fundi wangu akaniambia giaboksi lazima ifunguliwe. Jamaa mmoja wa yadi naye akaniambia, "Bro, hiyo imezeeka. Iache hapa, ongeza pesa kidogo, uondoke na hii." Hii yake ilikuwa inang'aa, na dashibodi ilisoma kilomita 78,000. Hiyo "pesa kidogo" ilikuwa mkopo wa miaka mitatu.

Nilikaa na hilo swali siku kadhaa, nikajipata nikifikiria gari ambayo sijawahi kuimiliki: Peugeot 504.

Kama umekulia Kenya, kuna mzee kwenu mwenye hadithi ya Pijo. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, lakini sifa yake huku ilijengwa na Safari Rally. Dada yake mkubwa, 404, alikuwa ameshinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Kisha 504 ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Enzi hizo Safari ilipita kwenye barabara zile zile ambazo mkulima alipeleka maziwa na mwalimu alienda shule. Kwa hivyo mtu hakuhitaji tangazo la gazeti. Aliona kwa macho yake gari ikilala matopeni na kutoka.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum ya biashara hiyo. Zile Pijo ndefu zenye viti vya safu tatu zikawa usafiri wa kwenda mashambani. Zilijazwa watu, magunia na kuku, zikaenda. Zikiharibika, zilitengenezwa, zikaenda tena.

Lakini tusidanganyane. Wazee hawakuwa wakitengeneza Pijo kwa sababu ya mapenzi. Hawakuwa na namna nyingine. Miaka ya 1970 na 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na serikali ilidhibiti uagizaji kwa leseni. Magari mengi yaliunganishwa hapa hapa nchini, katika viwanda vya Thika, Mombasa na Nairobi, na gari mpya ilikuwa ndoto ya wachache. Kwa hivyo swali langu la "nitengeneze au nibadilishe?" babu yangu hangelielewa. Ubadilishe na nini?

Shida hiyo ndiyo iliyomnoa fundi wa jua kali. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilikuwa tayari imesema wazi kwamba watu wa kazi ndogo ndogo za mjini si wazururaji, ni wazalishaji. Fundi aliijua 504 kama kiganja chake. Kabureta aliisafisha chini ya mti. Hakukuwa na kompyuta ya kumchanganya. Na kwa kuwa gari zenyewe zilikuwa nyingi, iliyokufa iliwapa spea zilizo hai.

Halafu ikaja 1993. Leseni za uagizaji zikaondolewa, udhibiti wa fedha za kigeni ukalegezwa, na magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika bandarini Mombasa. Baadaye sheria ikaweka kikomo: gari inayoingia isizidi miaka 8. Hapo ndipo Mkenya wa kawaida alianza kuwa na chaguo, na hapo ndipo tukaanza kuiogopa namba ya dashibodi.

Sasa hii ndiyo maoni yangu. Tunauliza swali lisilofaa. Badala ya kuuliza gari imetembea kilomita ngapi, tuulize nani anaijua, na spea zake ziko wapi. Kilomita zangu 312,000 nazijua. Najua oili ilibadilishwa lini, najua mlio wa kila asubuhi. Zile 78,000 za yadi ni neno la mtu tu, na sote tunajua maileji inaweza kurudishwa nyuma. Gari ikitoka Japani huja na cheti cha kufuta usajili ili isafirishwe nje, na kinaonyesha maileji. Nilipomwomba yule jamaa nikione, alianza kunionyesha redio.

Pijo pia inanionya upande wa pili. Kwa nini ilipotea mjini? Hata ile ambayo injini yake ilikuwa bado na nguvu iliegeshwa, kwa sababu spea zilipungua na mafundi wakahamia Toyota. Corolla ilirithi kiti chake kwa sababu ile ile iliyompa Pijo ufalme: kila mtaa una fundi wake na kila duka la Kirinyaga Road lina spea zake. Siku hilo likiisha, au bodi ikiliwa na kutu hadi chini, sitang'ang'ana. Kutengeneza gari isiyo na spea ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Kwa hivyo nimeamua. Nitatengeneza gia, kwa bei iliyoandikwa kwenye karatasi kabla fundi hajashika spana. Nimejiwekea mpaka: gharama ikizidi nusu ya bei ambayo gari hii ingeuzwa leo, naiuza kama ilivyo. Na ile pesa ambayo ningelipa mkopo kila mwezi, sehemu yake naiweka kando kwa ajili ya ubovu unaofuata, maana utakuja tu.

Babu yangu alitengeneza kwa sababu hakuwa na chaguo. Mimi ninalo, nimepiga hesabu, na bado natengeneza.