Njia Mbili za Jabal Musa

Katika kikao cha kupanga safari ya Sinai, swali la kwanza huwa la magoti. La imani hufuata baadaye. Wazee wa usharika wetu huuliza ngazi ni ngapi, akina mama huuliza kama ngamia wanapatikana, na vijana hutaka kujua jua linachomoza saa ngapi wapige picha. Mimi nilifundisha historia Moshi mpaka nikastaafu, na siku hizi ndimi mshika daftari wa mahujaji. Wananiita Mwalimu, nami nawajibu kimwalimu: katika mlima ule kila swali lenu lilikwisha kujibiwa zamani, kwa jiwe. Njia za kupanda ni mbili. Moja inahesabiwa kuwa kazi ya mtawa aliyetaka kutubu. Ya pili ni amri ya mtawala aliyetaka kufika juu bila kushuka kwenye mnyama wake. Asiyejua hayo atachagua kwa kuuliza magoti peke yake.

Jabal Musa uko kusini mwa rasi ya Sinai, nchini Misri. Kilele chake kina mita 2,285, na monasteri ya Mtakatifu Katerina iko bondeni chini yake, hivyo mpandaji anapanda kama mita 700. Sisi tuliozaliwa tukiitazama Kibo hatutishwi na tarakimu hizo. Hata Sinai kwenyewe mlima huu si mkubwa kuliko yote: jirani yake, Mlima Katerina, unapita mita 2,600. Wataalamu wanabishana kama kweli hapa ndipo Musa alipopokea amri kumi, na ubishi huo nawaachia. Kisichobishaniwa ni kwamba watu wamepanda hapa wakiamini hivyo kwa zaidi ya miaka 1,600, na mmoja wa wale wa mwanzo tunamjua kwa jina.

Naye ni mwanamke. Egeria alitoka magharibi ya mbali ya dola ya Kirumi, pengine Hispania, akafika Sinai katika miaka ya 380. Maandishi yake, aliyowaandikia dada zake wa nyumbani, yalipotea kwa karne nyingi hadi nakala isiyo kamili ilipoonekana mwaka 1884 mjini Arezzo, Italia. Anaeleza kuwa alipanda kwa miguu kwa sababu hakukuwa na namna ya kupandia mnyama, na kwamba njia ilikwenda wima badala ya kuuzunguka mlima. Ilikuwa Jumapili. Alifika kileleni saa nne, kwa hesabu ya Kirumi ambayo, kama hii yetu, ilianza jua linapochomoza. Palikuwa na kanisa dogo. Mapadre wakampa matunda yaliyoota mlimani humo, kisha wenyeji wakamwonyesha upande ilipo Misri, upande ilipo Palestina, na bahari. Wanaodhani kwamba kupanda kilima ili kuona mandhari ni starehe ya wazungu wa leo wamsome mama huyu.

Ngazi hakuzitaja. Zinahusishwa na zama za baada yake, za Kaisari Justinian, aliyejenga ngome ya mawe na kanisa chini ya mlima kati ya mwaka 548 na 565. Ujenzi huo una ushahidi ambao mwalimu wa historia huutamani: majina yamechongwa kwenye boriti za paa la kanisa lenyewe, na boriti hizo zingalipo. Wametajwa kaisari, mkewe Theodora ambaye tayari alikuwa marehemu, na fundi mkuu Stephanos wa Aila, mji ambao leo ni Aqaba nchini Jordan. Theodora alifariki mwaka 548. Ndiyo sababu tunajua kazi haikuisha kabla ya hapo.

Ngazi, kinyume chake, hazina jina la mtu hata mmoja. Masimulizi ya monasteri yanasema mtawa mmoja alizipanga zote kwa kutimiza toba, na hesabu inayotajwa ni ngazi 3,750: kama 3,000 hadi uwanda unaoitwa kwa jina la nabii Eliya, na 750 kutoka hapo hadi kileleni. Mimi sioni mkono wa mtu mmoja pale. Ni mabonge ya graniti nyekundu ambayo hayakuchongwa yakalingana. Moja linafika nusu ya muundi, linalofuata linafika gotini. Zimepita katika korongo lililo nyuma ya ukuta wa monasteri, mahali ambapo mvua ya siku moja hugeuka mto na kuhamisha mawe. Njia ya namna hiyo haijengwi mara moja ikakaa. Inapangwa na kupangwa tena na vizazi vya watu, na hao ndio ambao boriti za kanisa hazikuwaandika.

Njiani kuna matao mawili ya mawe, kama milango isiyo na nyumba. Moja linaitwa kwa jina la Stefano, mkaa pweke wa karne ya 6. Inasimuliwa kwamba mahujaji walisimamishwa hapo waungame kabla ya kuruhusiwa kuendelea, na Stefano alikuwa miongoni mwa waliowasikiliza. Habari zake ziliandikwa na Yohane Klimako, aliyekuwa mkuu wa monasteri hiyo katika karne ya 7: saa ya kufa, Stefano alionekana akijibizana na washitaki wasioonekana, mara akikubali kosa, mara akilikana. Mifupa yake wageni huonyeshwa hadi leo, imekaa ndani ya nyumba ya mifupa ya watawa ikiwa imevikwa joho. Klimako mwenyewe ndiye mwandishi wa kitabu cha kiroho kiitwacho Ngazi, chenye sura 30, kila sura kipandio kimoja. Nikiwaeleza mahujaji hayo, yule anayehesabu vidato kwa sauti hunyamaza kidogo.

Kuna pia kanisa dogo la Mama Maria Mtunza Ghala. Hadithi yake nawapa wenzangu wanapopumzika, maana inafurahisha na inafundisha. Watawa walikuwa wameshindwa: chakula kimekwisha, viroboto wamejaa monasterini. Wakakata shauri kuondoka, wakapanda kileleni kwa sala ya kuaga. Mtunza ghala aliyebaki nyuma akakutana na Bikira Maria, akaambiwa warudi. Waliporudi wakakuta msafara wa ngamia langoni umebeba nafaka. Iwe ilitokea au la, hadithi hiyo inakiri jambo ambalo historia nyingi za watakatifu hulificha: monasteri hii imeishi kwa migongo ya ngamia, na ngamia wana wenyewe.

Wenyewe ni Wajebeliya, kabila la Mabedui wanaoishi kuuzunguka mlima. Said bin Batrik, patriarki wa Aleksandria katika karne ya 10, aliandika kwamba Justinian alileta familia za watumishi, baadhi kutoka nchi za Warumi na baadhi kutoka Misri, wailinde monasteri na kuihudumia. Wajebeliya wanajihesabu kuwa uzao wa watu hao. Wazee wao waliingia Uislamu, lakini kazi haikubadilika. Hadi leo wao ndio waongozaji, wenye ngamia, watunza bustani na mafundi wa mawe. Ndani ya kuta za monasteri kuna msikiti, na mimbari yake ya mbao imeandikwa mwaka 1106, zama za Wafatimi. Watawa pia hutunza nakala ya hati ya ulinzi inayosemekana kutolewa na Mtume Muhammad na kutiwa alama ya kiganja chake. Wanasema ya asili ilichukuliwa na Sultani Selim baada ya kuitwaa Misri mwaka 1517. Wanahistoria wengi wana shaka na hati hiyo. Kazi yake haina shaka: kila mtawala mpya alionyeshwa, na wengi waliiheshimu.

Njia ya pili ni ya juzi ukilinganisha. Abbas Pasha, mjukuu wa Muhammad Ali, aliitawala Misri kuanzia 1848 hadi 1854, akaipenda hewa ya milima ya Sinai. Husimuliwa kwamba aliagiza nyama ianikwe kwenye vilele mbalimbali ili aone wapi inachelewa kuoza, ndipo ajenge kasri. Kasri lilianzwa kwenye kilele kingine, akauawa mwaka 1854 kabla halijaisha, na kuta zake zimesimama bila paa hadi leo. Kilichobaki na faida ni barabara aliyoamuru ichongwe kuelekea Jabal Musa: pana, yenye kona ndefu za kupunguza mteremko, ya kupitisha mnyama aliyebeba mtu. Mabedui wanaiita njia ya Pasha. Ndiyo inayotumiwa na mahujaji wengi wa leo, na ndiyo jibu la akina mama wanaoniuliza kuhusu ngamia.

Lakini nawaonya mapema. Njia ya Pasha inakutana na ngazi chini ya kilele, na hapo ngamia husimama. Zile ngazi 750 za mwisho hazina barabara. Kila mtu hushuka na kutembea. Mzee mmoja wa kwetu, mtu wa cheo, aliuliza kama kuna wa kumbeba. Mwongozaji akamjibu kwa adabu kwamba hata Pasha angepita hapo kwa miguu yake. Kileleni kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1934 kwa mawe ya kanisa la zamani lililobomoka, na hatua chache tu kando yake, msikiti mdogo wa karne nyingi. Mkristo wa Machame na Mwislamu wa Tanga wakipanda pamoja, kila mmoja atakuta pake.

Sasa swali la vijana, la jua kuchomoza. Desturi ya leo ni kuondoka saa saba au saa nane za usiku, tochi mkononi, ili jua liwakute kileleni. Watu huidhania kuwa desturi ya kale. Wa kale walifanya kinyume. Procopius, mwandishi wa zama za Justinian, anasema kaisari alijenga kanisa lake chini kwa sababu kileleni binadamu hawezi kulala. Ngurumo na vitisho havimpi nafasi. Hujaji mmoja wa Piacenza, aliyepita miaka ya 570, anasema vilevile kwamba hakuna aliyelala juu, ila watawa walipanda alfajiri kufanya ibada. Anaongeza kwamba wengi walinyoa nywele na ndevu wakazitupa huko kwa heshima, naye akapunguza zake. Usiku, mlima uliachiwa Mungu. Kupanda gizani kulienea pamoja na lami, mahoteli ya ufukweni na mabasi: mtu anatoka Sharm el-Sheikh jioni, anapanda usiku, anarudi ufukweni kabla ya chakula cha mchana. Ni ratiba ya basi iliyovaa kanzu ya ibada.

Anayepanda hivyo huona jua, na ni zuri kweli. Vilele vyekundu hutokea kimoja kimoja hadi macho yachoke. Lakini amepita kando ya kila kitu nilichokieleza bila kukiona. Matao, kanisa la mtunza ghala, mvinje wa kale kwenye uwanda wa Eliya, mawe yenyewe ya ngazi: vyote vilikuwa giza tupu nje ya duara la tochi. Akishuka kwa ngazi asubuhi, amechoka, magoti yanatetemeka, na graniti iliyosuguliwa na nyayo za karne nyingi haimhurumii mtu anayeteremka.

Kwa hiyo daftari langu linapanga hivi. Tunalala usiku mbili kwenye mji mdogo wa Mtakatifu Katerina, maana monasteri hupokea wageni saa chache tu za asubuhi, na kwa kawaida hufungwa Ijumaa na Jumapili. Siku ya kupanda tunaanza kunapopambazuka, korongo likiwa bado kivulini, pamoja na Mjebeliya wa kutuongoza. Bila mwongozaji hakupandwi. Wenye magoti mazima wanakwenda kwa ngazi kama njia hiyo iko wazi siku hiyo, wazee wanakwenda na ngamia, na tunakutana panapoanza zile 750. Ratiba inataka tuwe juu saa nne, saa ya Egeria. Kushuka ni kwa njia ya Pasha, sote. Aliyeijenga alifikiria magoti, na hilo tumshukuru. Koti zito ni lazima, hata mwezi ambao Kairo kunawaka. Majira ya baridi theluji huanguka.

Fedha ya mwongozaji na ya ngamia naiandika juu kabisa ya bajeti, kabla ya hoteli, na sikubali ipunguzwe. Siku hizi serikali inajenga mahoteli mapya katika bonde hilo, na Mei 2025 mahakama ya Misri iliamua kwamba ardhi ya monasteri ni mali ya dola, watawa wakiwa na haki ya kuitumia. Makaisari, makhalifa, masultani na mapasha wote waliwahi kuamua jambo kuhusu mlima huu. Waliobaki wakipanga mawe baada ya kila mafuriko ni wale wanaolipwa kwa siku. Katibu wa usharika akiniuliza kwa nini fungu lao ni kubwa, namwambia ahesabu ngazi, kisha arudi tujadiliane.