Sauti ya Nani? Pedro Meyer na Picha Zinazosimuliwa

Wahakiki wa fasihi tumezoea kuichukulia picha kama pambo. Ikikaa kwenye jalada la riwaya tunaitupia jicho, basi, tunafungua ukurasa wa kwanza. Lakini je, picha ikipewa msimulizi, sauti ya mtu inayoiongoza toka mwanzo hadi mwisho kama ya mtambaji wa hadithi, itabaki kuwa pambo? Katika makala hii nakusudia kulijadili swali hilo kwa kuangalia zaidi kazi moja, nayo ni ile ya mpigapicha Pedro Meyer iitwayo kwa Kihispania Fotografío para recordar, yaani "Napiga Picha ili Nikumbuke", iliyotolewa mwaka 1991. Wanaoisifu kazi hii aghalabu huisifu mashine iliyoibeba. Mimi naona jambo jipya zaidi lilikuwa mwenye sauti.

Meyer alizaliwa Madrid mwaka 1935, akakulia Mexico. Kufikia miaka ya 1970 alikwishakuwa mtu mzito katika fani yake, na mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Baraza la Upigaji Picha la Mexico. Baadaye wazazi wake wote wawili waliugua saratani. Mtoto wao akafanya kazi aliyoijua: akawapiga picha wagonjwa wake, nyumbani na hospitalini, hadi walipofariki. Picha zenyewe ni za nyeusi na nyeupe, kama mia moja hivi. Angeweza kuzitolea kitabu, kama wenzake walivyokuwa wakifanya siku zote. Badala yake alizipanga kwa mfuatano, akarekodi usimulizi wake mwenyewe kwa Kiingereza na kwa Kihispania, ukatiwa muziki wa Manuel Rocha, na kampuni ya Voyager ya California ikaitoa kazi nzima kwenye CD-ROM. Haifiki dakika arobaini kuisikiliza yote.

Hapa hapana budi niseme machache kuhusu chombo, maana fani haielei hewani. CD-ROM ya wakati ule ilibeba kama megabaiti 650, mzigo mkubwa kwa siku zile, lakini mashine za mwanzo ziliisoma kwa kasi ya kilobaiti 150 tu kwa sekunde. Kwa kasi hiyo sinema ya kujaza kioo cha kompyuta ilikuwa ndoto. Hata programu ya QuickTime ya kampuni ya Apple, iliyotoka Desemba 1991, ilianza na video ndogo kama stempu. Picha ya mnato na sauti ya mtu, hizo ziliwezekana. Kwa hiyo kwa kiasi fulani ufinyu wa chombo ndio uliochagua utanzu. Wenzetu wa fasihi simulizi hawatalishangaa jambo hili. Mtambaji asiye na jukwaa wala maleba huitwika sauti yake mzigo wote.

Lakini tusidanganyike kwamba ndoa ya picha na masimulizi ilifungwa mwaka 1991. Ilikwishakuwa nzee. Kabla ya redio na kabla ya sinema ya sauti, watu walikusanyika ukumbini gizani, slaidi za kioo zikamulikwa ukutani kwa taa maalumu, na mtu akasimama kando kuzieleza. Mfano wenye uzito zaidi kwetu watu wa upande huu wa Afrika ni wa Kongo. Mwezi Mei 1904, kwenye misheni ya Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mzee mmoja aitwaye Nsala. Ameketi barazani, ametazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira katika dola ya Mfalme Leopold. Picha hiyo na nyingine ziligeuzwa slaidi, na Alice na mumewe John wakazunguka nazo wakihutubia Uingereza na Marekani. Si hivyo tu. Iliandaliwa seti ya slaidi 60 pamoja na hotuba iliyochapwa, ili yeyote anayetaka kuwaelimisha majirani zake aweze kuzionyesha na kuisoma.

Hebu tulitafakari hilo. Mtu ambaye hajapata kuvuka bahari angeweza kusimama katika mji wowote wa Uingereza, karatasi mkononi, akamsemea Nsala. Sibezi kazi ile. Kelele za wanaharakati wale ni sehemu ya sababu zilizomfanya Leopold anyang'anywe Kongo mwaka 1908, serikali ya Ubelgiji ikaichukua. Ila nikiutazama utendaji wenyewe kwa jicho la mwanafasihi, naona fanani yupo, hadhira ipo, mhusika yupo pale ukutani ametazama chini, na mhusika huyo hana mdomo. Anasimuliwa. Hata machozi yanayotoka ukumbini yanatoka kwa maneno ya mtu mwingine.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1962, Mfaransa Chris Marker alitengeneza La Jetée, filamu ya dakika 28 ambayo karibu yote ni picha za mnato zikisindikizwa na msimulizi. Ni kazi kubwa, sitaipunja. Lakini msimulizi wake ni wa nafsi ya tatu, na kisa ni cha kubuni.

Kwa Meyer nafsi ni ya kwanza. Jambo hili laonekana dogo mpaka uitazame kazi yenyewe. Mimi niliitazama kwanza bila sauti, kwa makusudi. Nilichoona ni mzee kitandani, mama aliyekonda, chumba cha hospitali. Wagonjwa. Huruma ninayo, lakini ni huruma ya mpita njia. Kisha nikaiwasha sauti, na yule mzee akawa baba wa mtu. Neno "baba" halimo ndani ya picha wala haliwezi kupigwa picha. Lazima litamkwe, na litamkwe na mwenye haki nalo. Jirani akilisema haliwi lilelile.

Roland Barthes alikumbana na tatizo hilohilo kwa upande wa pili. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu upigaji picha anaizungumzia kwa kirefu picha ya mama yake aliyefariki mwaka 1977, picha ya utotoni, lakini anakataa kuichapa. Kwake yeye ni mama. Kwetu sisi ingekuwa picha ya kitoto fulani tu. Barthes akabaki na maneno, akaificha picha. Meyer alizitoa zote hadharani, na kilichomruhusu kufanya hivyo, naamini, ni ile sauti inayokaa karibu na kila picha kama ndugu anayekaa na maiti.

Mwenzangu mmoja katika semina yetu alipinga vikali. Hivi, alisema, wazazi wa Meyer wana tofauti gani na Nsala? Nao si wamesemewa tu? Mfiwa mmoja amesimulia, wafu wawili wamenyamaza. Hoja hii siwezi kuipangua yote. Ni kweli sauti inayotuongoza ni ya mtoto. Hata hivyo naomba kutofautiana naye mahali pamoja. Msoma hotuba ya slaidi alikunja karatasi yake akarudi nyumbani kula chakula cha usiku. Meyer yumo ndani ya kisa; kila picha inayofuata inamsogeza kwenye uyatima. Anasema akiwa sehemu ya msiba, na hadhira inajua hivyo. (Muziki ningeuacha, lakini hayo ni yangu.)

Mambo yanakuwa magumu zaidi mwaka 1995. Mwaka huo Meyer huyohuyo alitoa Truths & Fictions, kitabu pamoja na CD-ROM, chenye picha alizoziunganisha na kuzibadili kwa kompyuta, akitetea kwamba picha haijawahi kuwa ushahidi mtupu usioguswa. Basi aliyetuomba tuziamini picha za kitanda cha baba yake ndiye anayetufundisha kuishuku picha! Wapo watakaoona kigeugeu hapo. Mimi naona mfuatano. Kazi ya 1991 haikututaka tuiamini kamera. Ilitutaka tumwamini mtu, kama tunavyomwamini shangazi anayefunua albamu na kusema huyu ni fulani, hapa alikuwa amekwishaanza kuugua.

Semina yetu haikuafikiana kama kazi hii iingie katika fasihi simulizi au fasihi andishi. Mimi niliiombea nafasi kwenye simulizi, ingawa "pakawa" haipo na fanani hakusikii ukimjibu. Mwalimu alituuliza mtihani wake utatungwaje.