Mwanga Uliowahadaa Wanasayansi wa Harwell

Mtambo wa JET ulioko Culham, Uingereza, ulizimwa Desemba 2023 baada ya kufanya kazi kwa miaka 40, na kazi ya kuubomoa inaendelea. Magazeti yaliuaga kwa kutaja rekodi yake ya mwisho: megajuli 69 za nishati zilizopatikana kwa kuunganisha viini vya atomi. Waliosahaulika ni wale waliokuwa wakiusoma mwanga uliotoka ndani yake. Hilo si haki, kwani bila wao hakuna ambaye angejua mle ndani mna joto kiasi gani.

Plazma ni gesi iliyopata joto kali hata elektroni zikabanduka kwenye atomi zake. Huwezi kutumbukiza kipimajoto humo, kitayeyuka, na kabla ya kuyeyuka kitakuwa kimeichafua na kuipoza. Kilichobaki ni kuutazama mwanga wake. Bunsen na Kirchhoff walikwisha kuonyesha huko Heidelberg, mnamo 1859 na 1860, kwamba kila elementi ina mistari yake ya rangi. Heliamu iligunduliwa kwa njia hiyo kwenye jua mwaka 1868, miaka 27 kabla ya kupatikana duniani.

Kila mstari pia una upana. King'ora cha gari la wagonjwa hupanda sauti kinapokujia na kushuka kinapokupita. Mwanga wa atomi nao hubadilika vivyo hivyo. Atomi zikikimbia huku na huko kwa sababu ya joto, mstari hutanuka. Pima upana, kokotoa joto. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa kisa cha ZETA.

ZETA ilikuwa bomba kubwa la alumini lililopindwa kuwa duara, lenye kipenyo cha ndani cha mita moja, ndani ya banda la zamani la ndege huko Harwell, kituo cha utafiti wa nyuklia cha Uingereza. Ilianza kazi Agosti 1957, na mwezi huohuo nyutroni, ambazo zingeweza kuwa ishara ya viini kuungana, zikaonekana. Kundi la mwanafizikia Peter Thonemann lilipima mistari ya oksijeni na naitrojeni, likaikuta imetanuka kiasi cha kuashiria digrii milioni tano. Idadi ya nyutroni nayo ilielekea kulingana na joto hilo. Vipimo viwili, jibu moja: nani angekataa?

Wakati wenyewe ulikuwa wa joto la aina nyingine. Urusi ilikuwa imerusha Sputnik Oktoba, na Uingereza ilitamani habari yake ya kujivunia. Januari 1958 Sir John Cockcroft, mkurugenzi wa Harwell, aliitisha waandishi wa habari. Walipombana kuhusu nyutroni hizo, alisema ana uhakika wa asilimia 90 kwamba zinatokana na joto. Magazeti yakaandika kana kwamba jua limeletwa duniani. Ng'ambo, mwanafizikia Lyman Spitzer wa Princeton hakuridhika.

Aliyeumaliza ubishi alikuwa mtu wa hukohuko Harwell, Basil Rose. Yeye na wenzake walipima nishati ya nyutroni kutoka pande mbalimbali. Kama zingetokana na joto, zingekuwa sawa kila upande. Hazikuwa sawa; zilifuata mwelekeo wa mkondo wa umeme. Mwezi Mei dai likaondolewa. Na ule upana wa mistari? Plazma yote ilikuwa ikivurugika kwa mikondo na mawimbi, na spektroskopu haikuweza kutenganisha vurugu hiyo na joto.

Kisa hiki husimuliwa kama aibu. Mimi nakiona kuwa fahari ya Harwell: kosa lilitangazwa Januari, na ilipofika Mei watu wa nyumba ileile walikuwa wamelifichua kwa vipimo vyao wenyewe. Wakazidi kuwa wakali kuhusu vipimo, wakaitumia ZETA hiyohiyo kujaribu njia mpya ya kupima joto kwa kutawanya mwanga wa leza kwenye elektroni.

Umahiri huo ulifanya Warusi wawaite Waingereza, wakati Magharibi ilipokataa kuamini joto la T-3, mtambo wao wa plazma wa aina ya tokamaki. Derek Robinson, Nicol Peacock, Mike Forrest na wenzao walisafiri hadi Moscow, katikati ya Vita Baridi, na tani tano za vifaa. Mwaka 1969 leza ikathibitisha: Warusi walisema kweli, ilikuwa karibu digrii milioni kumi. Dunia nzima ikahamia kwenye tokamaki.

JET, nayo tokamaki, ilipoanza kazi 1983 somo lilikuwa limeeleweka. Miale ya atomi ilirushwa ndani, ikawasha mistari ya kaboni mahali palipojulikana. Upana wa mstari ukatoa joto, na kuhama kwake kukatoa kasi ya mzunguko wa plazma.

Sasa kazi inahamia mtambo wa ITER, kusini mwa Ufaransa. Huko nyutroni zitakuwa kali mno kwa vioo vya madirisha ya kawaida, kwa hiyo mwanga utatolewa kwa vioo vya metali vya kuakisi vilivyopangwa ndani ya mtambo, na wahandisi wanatafuta namna ya kuvisafisha utando vikiwa humohumo.