Tarizi na Nasaba: Safari ya Sindano Tangu Pwani Hata Kivu

Munigi, kaskazini ya Goma, kwenye barabara iendayo Rutshuru, si mahali pa kutafuta majengo ya kale, kwa kuwa mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake mwaka 1977, 2002 na 2021, na katika zahama ya Januari 2002 nyufa zilifunguka karibu na Munigi yenyewe, moto ukashuka ukapita kati ya mji hata ukaingia Ziwa Kivu. Basi atakaye kuijua historia ya mafundi wa nchi hiyo hana budi kutazama kazi ambazo mtu huweza kukimbia nazo, na katika hizo ya kwanza ni ya sindano.

Tarizi ya mtindo wa pwani iliingia bara pamoja na misafara ya karne ya 19, iliyopita Bagamoyo, Tabora na Ujiji mpaka Nyangwe na Kasongo, katika nchi ya Manyema, ambako Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa lakabu ya Tippu Tip, alikuwa na makao na mamlaka yake. Wenyeji walioingia katika jamaa ya waungwana, wengine kwa hiari na wengine baada ya kutekwa, wakavaa kanzu na kofia, wakasema Kiswahili, na kwa mavazi hayo wakatambulikana, ingawa wengi wao hawakupata kuiona bahari. Majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipoitwaa Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, utawala wa wafanyabiashara ulikoma, lakini kofia haikuvuliwa.

Na kofia ya bulibuli ni kazi ya subira. Fundi hukata vipande viwili, duara la juu na ukingo wa kuzunguka kichwa, kwa nguo nyeupe. Huchora nakshi kwa penseli, hutoboa vitundu vidogo kwa kuufuata mchoro, kisha hukizungushia uzi kila kitundu, hata kofia moja ikala wiki nyingi, pengine miezi.

Wabelgiji nao walikuja na sindano yao. Mwaka 1946 ilifunguliwa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, nyumba ya kuwafundisha wanawake wa mjini mambo ya nyumbani, kushona kukiwamo, na huko ushoni ulihesabiwa kuwa adabu ya mke kuliko njia ya kujipatia riziki. Dhiki iliigeuza hesabu hiyo: Munigi ilipokea wakimbizi wa Rwanda Julai 1994, kipindupindu kikawaua wengi, na mwishoni mwa 2022 Kanyaruchinya, jirani yake, ilijaa waliokimbia vita; na kwa aliyepoteza shamba, ushoni ni mtaji.

Katika Ulaya na Marekani wapenzi wa riwaya za mazimwi na wachawi hutarizi beji za falme ambazo hazikuwapo kamwe, wakazishona juu ya makoti yao ili wajuane, na watu wazima huwacheka. Lakini mtu wa Kasongo aliyejivika kofia ya bandari asiyoijua alifanya lililo karibu na hilo: alijishonea nasaba ambayo hakuzaliwa nayo, na wajukuu wake wakairithi kuwa nasaba ya kweli. Kwa hiyo wanaohifadhi mambo ya kale katika Kivu wangefanya vema kukusanya kofia na vitambaa, pamoja na majina ya waliovishona, kwa bidii ile ile wanayokusanyia habari za vita na za mlima.