Rangi za madirisha humwepusha fundi wa tarakilishi na maafa

FUNDI wa tarakilishi aliye mjini Meru halazimiki kusafiri kupitia Chuka hadi Embu ili kurekebisha seva iliyoko huko. Hufungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, akaandika neno la siri, na amri zake zikatekelezwa Embu papo hapo.

Njia itumikayo sana ni SSH, iliyobuniwa mwaka wa 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, baada ya wadukuzi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo hicho. Tofauti na Telnet iliyoitangulia, SSH hugeuza kila kinachopita njiani kuwa fumbo.

Hata hivyo, SSH haimkingi fundi na kosa lake mwenyewe. Tuseme amefungua madirisha matatu: moja la seva ya majaribio iliyo Meru, la pili la seva ya Embu yenye rekodi za wagonjwa au karo za wanafunzi, na la tatu la seva ya akiba iliyo Nairobi. Yote hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Hatari hii si ya kubuni. Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alinuia kufuta data katika seva ya akiba, kumbe alikuwa ndani ya seva kuu. Aliisitisha amri baada ya sekunde moja au mbili, lakini takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimetoweka. Data ya takriban saa sita haikupatikana tena. Miongoni mwa marekebisho ambayo kampuni hiyo ilijipangia ni kuzitofautisha seva zake kwa rangi.

Kuna njia mbili za kupaka rangi. Ya kwanza ni kwenye tarakilishi ya fundi. Programu ya PuTTY, kwa mfano, huhifadhi anwani ya kila seva pamoja na rangi za dirisha lake. Udhaifu wake ni kwamba fundi akiwa ndani ya seva ya Meru, kisha akaingia ya Embu kupitia dirisha hilo hilo, rangi haibadiliki. Dirisha humdanganya.

Njia ya pili ni kuiweka rangi kwenye seva yenyewe, katika maneno yanayotangulia kila amri. Katika Linux, maneno hayo hupangwa kwa kigezo PS1 ndani ya faili ya .bashrc. Namba 31 huleta nyekundu, 32 kijani na 33 manjano. 0 hurejesha rangi ya kawaida. Rangi hii humkuta kila aingiaye kwa akaunti yenye faili hiyo, atokako kokote.

Ni bora kutumia njia zote mbili: nyekundu kwa seva inayotumiwa na umma, manjano kwa akiba na kijani kwa majaribio.

Rangi pekee haitoshi, kwani wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Jina la seva sharti lionekane pia. Na kabla ya kufuta chochote, fundi aandike amri ya hostname, asome jibu, ndipo aendelee.